Barua ya wazi kwa vijana wa zabibu wa Mpunguzi: msikope ili mjulikane

Wanangu na wajukuu zangu wa kikundi cha wakulima wa zabibu,

Mbukwenyi. Jumapili iliyopita, baada ya kikao chenu cha hisa, wawili kati yenu walinifuata nyumbani wakiwa na swali walilolitoa kwenye semina ya mjini: je, ni kweli kwamba kijana ambaye hajawahi kukopa benki hana budi kuchukua mkopo mdogo, hata kama hauhitaji, ili tu ajitengenezee historia ya mikopo? Siku ile niliwajibu kwa kifupi kwa sababu giza lilikuwa limekwisha kuingia. Leo nawajibu nyote kwa maandishi, mimi niliyekuwa mtunza hazina wa SACCOS, yaani ushirika wa akiba na mikopo, kwa miaka 12 na niliyeketi upande wa pili wa meza nikisoma maombi ya wakopaji.

Jibu langu ni hapana, ingawa historia yenyewe si jambo la kupuuza. Tangu mwaka 2013 zipo hapa nchini kampuni za kuchakata taarifa za wakopaji, zenye leseni ya Benki Kuu, ambazo hupokea kutoka kwa mabenki na wakopeshaji wengine habari za nani alikopa, kiasi gani, na kama alirejesha kwa wakati. Afisa mikopo huzisoma taarifa hizo kabla ya kuidhinisha maombi yako. Lakini haishii kwenye taarifa hizo tu: atauliza shamba lina ukubwa gani, zabibu zimeuzwa wapi, fedha zinapita akaunti ipi, na nani anakudhamini. Mtu asiye na historia huulizwa maswali mengi zaidi na mara nyingi huanza na kiasi kidogo. Mwenye historia mbaya huenda asiulizwe kitu, akakataliwa papo hapo.

Sasa pigeni hesabu ya huo mkopo wa kujitambulisha. Mkopo wa shilingi 1,000,000, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi inayokokotolewa juu ya mtaji wote, kwa miezi 6, unakutoa shilingi 210,000 za riba peke yake, kabla ya ada za fomu na bima. Kwa fedha hizo mngenunua samadi, au nguzo za kuegemeza mizabibu. Tena mzabibu mchanga hukaa miaka miwili na zaidi kabla ya kutoa mavuno ya maana, ilhali rejesho la kwanza hudaiwa mwezi unaofuata. Anayekopa bila kazi ya kuifanyia fedha ile atarejesha kwa kuuza mbuzi, au kwa kukopa kwa wale wakopeshaji wa riba kali tunaowaita kausha damu, ambao sina haja ya kuwaeleza zaidi.

Niwasimulie yaliyonipata mwenyewe, ingawa yananitia aibu kidogo. Nilipostaafu niliomba mkopo wa pampu ya kumwagilia, nikiamini kwamba jina langu ni safi kama sahani ya harusi. Nikakataliwa. Ilinichukua wiki tatu za kupanda daladala kwenda mjini na kurudi ndipo nikaelezwa kwamba ninadaiwa shilingi 18,000 za mkopo wa simu, uliochukuliwa kwa laini niliyomsajilia mjukuu wangu kwa kitambulisho changu cha Taifa. Mtoto alikopa, laini ikapotea, akasahau. Deni likabaki kwa jina langu. Nililipa, nikadai barua ya uthibitisho, kisha nikafuatilia hadi kumbukumbu ikarekebishwa, kwa maana mkopaji anayo haki ya kuona taarifa zake na kupinga zilizo na kosa. Pampu nilikuja kuipata msimu uliofuata, kwa bei ya juu zaidi.

Kwa hiyo, wanangu, historia yenu imekwisha kuanza bila semina yoyote, katika vile vijimkopo vya simu mnavyochukua jioni kwa ajili ya vocha na mafuta ya bodaboda. Anayevilipa siku yake hahitaji kutafuta kingine cha kumtambulisha.

Lipo jambo moja ambalo kikundi chenu hakijalitilia maanani. Marejesho ya mikopo mnayopeana kutoka kwenye hisa, ambayo nayaona ni mazuri kuliko ya SACCOS nyingi nilizozijua, kwa kawaida hayafiki kwenye kumbukumbu za kampuni zile. Yanabaki ndani ya daftari la katibu. Basi daftari hilo liandikwe kwa wino, lisainiwe kila kikao, na fedha za kikundi zipite benki badala ya kulala kwenye sanduku la kufuli tatu mwaka mzima. Tunzeni pia risiti za mauzo ya misimu yote miwili ya zabibu. Atakayehitaji kweli mkopo wa shamba atakwenda na karatasi hizo, nami niko tayari kufuatana naye.

Katika kikao kijacho, kabla ya kuhesabu hisa, kila mmoja apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Atakayekuta asiyoitambua anione siku hiyohiyo.

Ni mimi mzee wenu,
mtunza hazina mstaafu, Mpunguzi, Dodoma