Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu Katika Msitu wa Karura

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka huu, ambao karibu matembezi yetu yote yalifanyika katika Msitu wa Karura, hapa Nairobi. Baadhi yenu mlipinga uamuzi wa kubaki katika msitu mmoja, na hoja zenu zilikuwa na uzito. Hata hivyo, msitu wenye zaidi ya hekta 1,000 hauwezi kujulikana kwa ziara ya Jumamosi moja.

Tulianza na miamba. Eneo hili limekaa juu ya matabaka ya lava na majivu ya volkano za Bonde la Ufa, na tabaka mojawapo wanajiolojia wameliita Trakaiti ya Karura (trakaiti ni aina ya mwamba wa volkano). Kwenye ukingo wa mto, karibu na maporomoko, tuliinama tukatazama: juu udongo mwekundu ulioshikwa na mizizi, chini jiwe la kijivu lenye chembe ndogo zinazometameta jua linapopenya majani. Udongo huo umetokana na miamba ya volkano iliyooza kwa mvua za karne nyingi. Wengi wetu tulikuwa tumepita pale miaka nenda miaka rudi bila kulijua hilo, mimi nikiwemo.

Katika mapango ya karibu, wapiganaji wa Mau Mau walijificha miaka ya 1950. Ni huko ambako mwezi wa Aprili mwanachama mmoja aliteleza akategua kifundo cha mguu. Uamuzi wa kuendelea baada ya mvua kubwa ulikuwa wangu, na nimemwomba radhi. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha usiku, tunatumia njia za juu pekee.

Karura ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, na sehemu kubwa ikapandwa miti ya kigeni, hasa mikaratusi. Lakini msitu huu ungekwisha katika miaka ya 1990, wakati vipande vyake vilipogawiwa watu binafsi wajenge nyumba. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikwenda kupanda mti kupinga ugawaji huo akiwa na wabunge na wanaharakati, wakashambuliwa na walinzi; alijeruhiwa kichwani, na taarifa yake katika kituo cha polisi aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Agosti mwaka huohuo, Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Niliwasomea wanachama vijana habari hizi tukiwa tumeketi chini ya miti, na ukimya uliofuata sijausahau.

Siku hizi watu hukimbia, huendesha baiskeli na kula chakula cha mchana nyasini bila hofu, jambo ambalo kabla ya uzio wa umeme halikuwezekana. Mbega waliohamishwa kutoka Kipipiri, huko Nyandarua, wamezoea makao mapya, nasi tuliwaona mara kadhaa wakiruka na mikia yao myeupe.

Kamati inapendekeza kwamba mwaka ujao tujifunze miti ya asili, tukianza na muhugu, na kwamba tushiriki kuipanda pale mikaratusi inapoondolewa. Naomba mlijadili pendekezo hili leo. Likikubaliwa, matembezi ya kwanza yataanzia lango la Limuru Road.

Mwenyekiti