Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Walimu wa Hisabati

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Daftari lina wanachama 61, ukumbini tupo 23. Akidi yetu ni theluthi moja, kwa hiyo tumeponea kwa watu wawili, na nawasihi wasiondoke kabla ya ajenda ya mwisho.

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vinne vya kamati, warsha tatu, mashindano ya wanafunzi, na tarehe 14 Machi tuliadhimisha Siku ya Kimataifa ya Hisabati, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2019. Yote yalikwenda vizuri. Wazo la kuiadhimisha lilikuwa langu, jambo ambalo kumbukumbu za kikao zimesahau kulitaja.

Sasa suala la kabati. Fungu lililotengwa kuchapa makabrasha ya maswali ya mitihani ya nyuma lilihamishiwa kwenye zana za kufundishia: mbao, misumari, rababendi, manila, dadu 120 na kabati lenyewe. Imesemwa kwamba niliamua peke yangu. Si kweli. Wajumbe watano kati ya saba waliafiki, na wale wawili waliopinga wangehudhuria kikao kilichotangulia wangezisikia hoja tangu mwanzo. Imesemwa pia, tena koridoni, kwamba nimewarudisha walimu wazima chekechea kukata maboksi, na kwamba mimi ni "mwenyekiti wa maboksi". Jina nimelipokea.

Lakini tuchukue tangramu, yaani mraba uliokatwa vipande. Vipande saba: pembetatu tano, mraba mmoja, msambamba mmoja. Mwanafunzi aliyekariri kwamba 1/4 + 1/16 ni 5/16 bila kujua kwa nini, mpe pembetatu kubwa na ndogo. Kubwa ni robo ya mraba wote. Ndogo nne, akiazima mbili kwa jirani, zinaifunika kubwa moja barabara, basi kila ndogo ni 1/16. Kisha muulize kipi kina eneo kubwa zaidi: mraba, msambamba, au pembetatu ya kati. Darasa litabishana. Vyote vitatu ni 1/8, na wengi hawakubali mpaka wapange zile ndogo mbili juu ya kimoja kimoja. Kabrasha gani lingeleta ubishi huo?

Au ubao wa misumari iliyopangwa kwa nafasi sawa, ambamo rababendi huvutwa kuunda umbo, alioubuni mwalimu wa hisabati Caleb Gattegno. Katika warsha ya pili niliificha kanuni ya eneo ya mwanahisabati Georg Pick ya mwaka 1899, nikawaacha walimu waitafute wenyewe kwa rababendi. Hesabu misumari iliyo ndani ya umbo, ongeza nusu ya ile ya mpakani, toa moja, umepata eneo. Mstatili wa 4 kwa 3 una 6 ndani na 14 mpakani: 6 + 7 − 1 = 12. Mwanachama mmoja aliyekuja kupinga aliondoka na ubao.

Nakiri wapinzani wangu wana hoja moja. Ni ile ya mchezo wa mbio za farasi: farasi namba 2 hadi 12, dadu mbili, jumla ikitoka farasi wake anasogea hatua. Nilialikwa kutazama somo la aina hiyo. Watoto walishangilia kipindi kizima, kengele ikalia, hakuna aliyeuliza kwa nini farasi 7 aliwaacha 2 na 12 mbali vile. Zilihitajika dakika kumi tu za kuchora jedwali la matokeo 36, ambamo 7 inatokea mara 6, na 2 mara moja, sawa na 12. Bila jedwali hilo, yale yalikuwa mapumziko ndani ya kipindi. Hata hivyo kosa ni la mpango wa somo, si la dadu, na nilionya juu yake katika warsha ya kwanza. Ilihudhuriwa na watu 9. Ya pili 14, ya tatu 11. Mengine hesabuni wenyewe.

Ada: waliolipa 27, walioahidi 12, waliokaa kimya 22. Wanne kati ya waliolalamikia matumizi ya fungu kwa sauti ya juu wamo katika hao 22. Sitawataja. Mweka hazina anayo orodha, na ameketi karibu na mlango.

Kuhusu ufunguo wa kabati kukaa kwangu: mwezi wa kwanza kabati liliachwa wazi, zikapotea dadu 31. Ndipo nikauchukua. Ni kweli kwamba nilisafiri wiki mbili nao mfukoni, na walimu watatu waliofuata zana wakarudi mikono mitupu. Kwa hilo niwieni radhi. Nakala ya ufunguo itachongwa.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kuandaa warsha ya GeoGebra, programu ya kompyuta ya hisabati, kwa kuwa hiyo haihitaji fungu la mtu yeyote, na kuwafikia wanachama wa mbali kwa namna itakayofaa. Makabrasha hayajasahauliwa, yatachapwa uwezo ukipatikana.

Mwisho, seti namba 4 ya tangramu haina msambamba. Tumebaki na 7/8 ya mraba. Aliye nao aurudishe, hataulizwa.

Mwenyekiti