Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kisumu: dawa za kuvuta zijaribiwe na huku kwetu

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Obunga. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nakuandikia kwa ajili ya akina mama wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kutolewa, hapa mtaani, ambao baadhi yao hawafiki tena bombani bila kusimama njiani kutafuta pumzi. Sigara hawajawahi kuigusa. Moshi wa kuni ndio waliouvuta tangu utotoni, na wengine waliugua TB wakapona, makovu yakabaki mapafuni.

Ugonjwa huu sugu wa mapafu (COPD) hauponi. Kinachowezekana ni kumpunguzia mgonjwa dhiki ya pumzi, na kwa miaka mingi watafiti wa ng'ambo wamejaribu dawa za kuvuta kwa kusudi hilo. Mojawapo ni furosemaidi, tuliyoizoea kama dawa ya kutoa maji mwilini. Ikivutwa kama mvuke kwa mashine iitwayo nebulaiza, inadhaniwa hubadilisha taarifa ambazo neva za mapafu hupeleka kwenye ubongo, hivyo kiu ya hewa ikapungua. Baadhi ya majaribio yalionyesha nafuu, mengine hayakuona tofauti.

Naomba jibu litafutwe na kwetu pia. Pafu lililochakazwa na kuni au TB huenda lisiitikie dawa kama la mvutaji sigara. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina kituo Kisian, hapo tu kwenye barabara ya Busia. Mama aelezwe kila kitu kwa Dholuo, akubali au akatae bila kuogopa kunyimwa matibabu. Apimwe pumzi, ndiyo, lakini aulizwe pia anavyojisikia, maana mashine inaweza kuonyesha hakuna kilichobadilika huku mwenyewe akiweza tena kuosha sufuria zake bila kuhema.

Hata hivyo, kuwajaribia dawa mpya watu wasiopata hata ile ya kawaida si haki. Inhela ya salbutamoli, kopo dogo la dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, ilhali wagonjwa ninaowatembelea huambiwa wakanunue dukani. Spesa, kile chombo kinachowekwa kati ya inhela na mdomo ili dawa ifike mapafuni, si tatizo: chupa ya plastiki ya nusu lita ikitobolewa vizuri hufanya kazi hiyo. Inhela ndiyo haipo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, bajeti ijayo iweke inhela katika kila zahanati na mashine ya kupima pumzi katika vituo vya afya. Mkikaa na watafiti, waiteni akina mama wa Obunga. Niko tayari kuwaleta.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa afya ya jamii, Obunga