Mkondo wa amali unahitaji karakana zenye vifaa

Ndugu Mhariri,

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ujuzi wa kazi kama ufundi, sekondari. Ni uamuzi mzuri, kwani kijana anayejua kupima, kukata na kuunga hahangaiki sana ajira zinapobadilika. Hofu yangu ni karakana. Wanafunzi 40 wakigawana mashine moja ya kuchomelea kwa dakika 80, kila mmoja anaishika dakika mbili. Kijiti cha kuchomelea kikigandia chuma mara moja tu, zamu imekwisha.

Mashine hununuliwa mara moja, lakini vijiti na vipande vya chuma huisha kila muhula. Serikali izitengee shule fungu la vifaa hivyo. Darasa ligawanywe makundi ya watu kumi: moja lichomelee, mengine yapime, yakate na kusaga, na mafundi wa mtaani wenye vyeti vya VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) walipwe kusimamia.

Mwalimu wa karakana,
Morogoro