Vipaumbele vyetu kabla ya kikao na polisi

Ndugu wanakamati,

Kabla hatujakutana na mkuu wa kituo, naomba tukubaliane kwamba idadi ya watu waliokamatwa isiwe kipimo chetu kikuu cha kazi ya polisi, kwa kuwa askari anayepimwa kwa idadi hiyo huvutwa kuandama makosa madogo yaliyo rahisi, huku ukatili wa majumbani, ambao waathirika wengi hawauripoti, ukikosa nafasi katika takwimu. Hilo la ukatili naliona zito kuliko yote. Tuombe pia taarifa kuhusu muda unaopita tangu polisi wanapopigiwa simu hadi wanapofika, maeneo machache ambako uhalifu hujirudia, na hatima ya malalamiko dhidi ya askari. Kesi zinazoendelea kuchunguzwa tusiziingilie, wala majina ya walalamikaji yasiandikwe humu.