Pensheni ya mwalimu nayo ipande

Mhariri,

Hasira za wastaafu wa Newala na Masasi hazikuisha mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu, ulipopandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40. Pigeni hesabu. Mwalimu amechangia miezi 360, na wastani wa mishahara yake ya miaka mitatu bora ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mshahara wa mwaka, milioni 12, mara miezi 360, gawa kwa 580 (kigawanyo cha kanuni ya pensheni): 7,448,276 kwa mwaka. Asilimia 40 ya hiyo mara 12.5 (kizidishi cha kanuni hiyohiyo) ndiyo mkupuo, kama milioni 37.2. Asilimia 60 iliyobaki, gawa kwa miezi 12: kila mwezi anabaki na 372,414. Mwajiri asipopeleka michango ya miezi 12 tu, mkupuo unapungua kwa 1,241,379 na pensheni inashuka (kagueni taarifa za michango mapema, msingoje barua ya kustaafu).

Rais mstaafu, kwa sheria ya mafao ya viongozi wa siasa ya 1999, hulipwa asilimia 80 ya mshahara wa rais aliye madarakani. Huyo akiongezwa, naye anapanda. Pensheni ya mwalimu haifuati mshahara hivyo. Huo ni ubaguzi. Wabunge wa Mtwara wapeleke hoja: mshahara wa daraja la mwalimu ukipanda, pensheni yake ipande mwezi huohuo.

Wastaafu,
Newala, Mtwara