Siku ya chuo ya mwanagenzi isikatwe ovyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie siku ambazo mwanagenzi hutoka karakana kwenda chuoni, kwa kuwa waajiri wengi, na wanagenzi wenyewe pia, huzichukulia kama siku za mapumziko zinazoweza kukatwa pindi kazi zinapozidi.

Mimi ni fundi umeme wa viwandani hapa Dar es Salaam. Nilipokuwa mwanagenzi nilipangiwa siku mbili za chuo kila wiki, lakini karakana nilikojifunzia haikukosa sababu ya kuniita: leo mteja analalamika, kesho fundi mkuu hana wa kumshikia ngazi. Nilikuwa nakwenda, maana nauli yangu ilitoka kwao, na usiku nikanakili daftari la mwenzangu. Daftari hilo halikunifaa kitu, kwani lilikuwa na majibu ya maswali ambayo mimi sikuwahi kuyauliza.

Nilizinduka kwa sababu ya mashine ya kusaga unga huko Manzese. Mota yake ilikuwa ya kilowati 7.5, na kibao chake kilisoma ampea 15 kwa volti 400, nayo ilikuwa ikizimika kila baada ya dakika chache. Fundi mkuu akaipandisha relei ya ovalodi, yaani kifaa kinachozima mota inapovuta umeme kupita kiasi, hadi mwisho, relei ambayo tangu awali ilikuwa kubwa kuliko mota yenyewe. Mashine ikasaga, tukashukuriwa, tukanywa soda. Kesho yake mota ikaungua, ikabidi isukwe upya kwa gharama ya karakana. Wiki hiyo nilikwenda chuoni nikiwa na swali langu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mwalimu akachora ubaoni laini tatu za umeme, yaani fezi, zinazolisha mota, akafuta moja, akatuuliza mzigo wote sasa utabebwa na nani. Fezi moja ikikatika, mota ambayo tayari inazunguka huendelea kuzunguka, ila mkondo katika fezi mbili zilizobaki hupanda takriban mara 1.73, yaani zile ampea 15 hukaribia 26. Relei ilikuwa ikisema kweli, sisi tukaiziba mdomo, kumbe fezi moja ilikuwa imekatika, na kilichohitajika ni fyuzi moja tu.

Wenzetu wamelilinda jambo hili kwa sheria na kanuni. Nchini Ujerumani sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1969 ilimtaka mwajiri amwachie mwanagenzi nafasi ya kuhudhuria chuo, na tangu mwaka 2020, siku moja kwa wiki yenye vipindi zaidi ya 5 vya dakika 45 haimdai tena kurudi kazini. Uingereza nayo iliweka mwaka 2022 kiwango cha chini cha wastani wa saa 6 kwa wiki za kujifunza nje ya kazi, ndani ya saa anazolipwa, kiwango kilichotumika kwa walioanza kabla ya Agosti 2025. Hapa kwetu, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, imeendesha uanagenzi pacha unaogawa muda kati ya chuo na mahali pa kazi, lakini mgawanyo huo wa kwenye ratiba haumsaidii kijana ambaye simu yake inaita kipindi kikiendelea.

Lawama si za waajiri peke yao. Wapo wanagenzi wanaoitumia siku ya chuo kufanya vibarua vya kufunga taa mitaani (njaa naielewa, nami nilifunga za kwangu), na wapo walimu ambao hawajakanyaga karakana hata moja wanakofanya kazi vijana wao. Ushauri wangu ni kwamba mwanagenzi asiende darasani mikono mitupu: aandike tatizo moja la wiki hiyo, pamoja na namba alizosoma kwenye kibao na kwenye mita, na akirudi kazini apewe walau nusu saa ya kumwonyesha fundi wake alichokipata. Fundi asione haya kusikiliza, kwa kuwa yule wa kwangu angesikiliza, asingelipia kusuka mota.

Kijana ninayemfundisha sasa huenda chuoni kila Alhamisi, na siku hiyo simpigii simu. Wiki iliyopita mteja mmoja alilazimika kumsubiri hadi Ijumaa. Alinung'unika sana, kisha akalipa.

Fundi umeme,
Buguruni, Dar es Salaam